Gurudumu na Sikio: Nathari ya Barabara Tupu katika Kitabu cha Edward Thomas

Vitabu vingi vya safari huandikwa na watu waliokwenda mbali. Kitabu cha Edward Thomas kiitwacho In Pursuit of Spring, kilichopigwa chapa mwaka 1914, kiliandikwa na mtu aliyekwenda karibu. Alitoka kusini mwa London siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 21 Machi 1913, akapanda baiskeli kuelekea magharibi, na kwa muda wa wiki moja hivi akafika katika vilima vya Quantock, jimbo la Somerset. Safari hiyo garimoshi la siku zile liliimaliza kwa saa chache. Hakugundua mto wala ziwa, hakupigana na mtu, hakuugua homa. Alitaka kuyaona majira ya baridi yakifa na majira ya kuchipua yakizaliwa, naye akatumaini kwamba yeye na majira hayo wangewasili Quantock siku moja.

Jina la kitabu laweza kufasiriwa Kuyafuata Majira ya Machipuko. Mfasiri atakayeandika "masika" atakuwa amepotoka, maana masika ni mvua, na mvua ndiyo iliyomsumbua msafiri huyu tangu asubuhi ya kwanza. Neno "kipupwe" nalo ni pole mno kwa adui aliyekuwa akizikwa. Kipupwe cha pwani humfanya mtu ajifunike shuka. Hakiivui miti majani yake wala hakinyamazishi ndege miezi mitatu. Jambo hili latajwa mapema kwa sababu atakayekisoma kitabu katika Kiswahili lazima alikumbuke mwanzo hadi mwisho: kimya cha miti ya Thomas ni kimya cha kitu kilichokuwa kimekufa, na sauti ya kwanza ya ndege ni habari.

Wahakiki wa Kiingereza wamezoea kukitazama kitabu hiki kama ghala. Hadithi yenyewe ni mashuhuri. Thomas, aliyezaliwa 1878, alikuwa amekwisha kuandika vitabu vingi vya kuagizwa na makala za magazetini zisizo na idadi, akilipwa kidogo na kuchoka sana. Mwezi wa Oktoba 1913 alikutana na mshairi wa Kimarekani, Robert Frost. Frost alikisoma kitabu cha safari, akamwambia kwamba baadhi ya vipande vyake ni ushairi uliovaa nguo za nathari, na kwamba yampasa aviandike kwa mistari pasipo kuubadili mwendo wa sauti yake. Desemba 1914 Thomas alitunga shairi lake la kwanza la ukubwani. Katika miaka miwili iliyofuata alitunga zaidi ya 140. Julai 1915 alijiunga na jeshi, na tarehe 9 Aprili 1917, Jumatatu ya Pasaka, aliuawa katika vita vya Arras nchini Ufaransa. Kwa hiyo msomaji hufundishwa kukiendea kitabu kama mtu aendaye machimboni: achukue dhahabu ya ushairi, aache udongo.

Rai hii ina ukweli, walakini imekidhulumu kitabu. Haiulizi kwa nini mwendo ule wa sauti, ambao Frost aliusikia mara moja, ulipatikana katika kitabu hiki kuliko katika vile vingi vilivyotangulia. Thomas alikuwa mtembeaji tangu utotoni, na vitabu vyake vya kutembea kwa miguu ni vizuri. Lakini vingi vina uzito wa mapambo, kama mtu aliyevaa joho siku ya jua. Katika In Pursuit of Spring joho limevuliwa. Jambo moja lililobadilika ni chombo. Hapa yuko juu ya baiskeli, tena juu ya barabara ambazo kwa sehemu kubwa zilikuwa tupu.

Mtu aweza kupinga kwamba baiskeli yenyewe haionekani sana kitabuni. Ni kweli. Thomas hasemi habari za pedeli, wala mnyororo, wala tairi lililotoboka, ambalo kwa waandishi wengine ndilo kisa cha sura nzima. H. G. Wells, katika riwaya yake The Wheels of Chance ya 1896, alimpandisha baiskeli mwuza vitambaa wa dukani aitwaye Hoopdriver, akamwangusha mara nyingi, na kuanguka huko kukawa kichekesho. Kwa Wells baiskeli ni mhusika, na barabara ni mahali pa kukutana na binti. Kwa Thomas baiskeli haitazamwi, kama vile mtu asivyoyatazama macho yake mwenyewe. Lakini kisichotazamwa chaweza kuonekana katika kazi yake, na kazi ya baiskeli katika kitabu hiki imo ndani ya ujenzi wa sentensi.

Mwendesha baiskeli katika nchi ya vilima ana mienendo mitatu. Penye tambarare hukanyaga, na vitu vya kando ya njia humjia kimoja baada ya kingine kwa mwendo ulio sawa: ua wa miti, lango, nyumba ya wageni, kaburi, kunguru shambani, ua tena. Penye mwinuko mkali hushuka akasukuma, akawa mtembeaji asiyeweza kukimbia, mwenye pumzi zinazosikika. Penye mteremko huacha miguu itulie, gurudumu likajiendea lenyewe, na dunia ikapita kwa upesi usiompa nafasi ya kufikiri. Sentensi iliyo ya kawaida mno katika kitabu hiki ni ile ya tambarare: ndefu, iliyoungwa kwa viungo vyepesi, ikivitaja vitu kwa utaratibu wa kuonekana kwavyo, bila ya kimoja kutukuzwa kuliko mwenziwe. Tangazo lililobandikwa ukutani hupata haki sawa na mti. Kisha barabara hupanda, na sentensi nayo hubadilika. Mwandishi husimama, huegemea lango, hutazama alikotoka, na hapo ndipo fikra huingia. Miteremko hupita kwa maneno machache. Mwanafunzi atakayekisoma kitabu huku ramani ya vilima iko mezani ataona kwamba umbo la aya hufuata umbo la nchi kwa uaminifu ambao si rahisi kuuita bahati.

Alijua vilima kabla ya safari hii. Tangu 1906 alikaa karibu na kijiji kiitwacho Steep, jimbo la Hampshire, chini ya vilima ambavyo mbavu zake zimefunikwa na msitu mzito, na neno hilo la Kiingereza lenyewe maana yake ni mwinuko mkali. Quantock ni vilima vya namna nyingine. Si virefu, kwani kilele chake hakifiki mita 400. Lakini juu ni nyika wazi ya vichaka na upepo, na chini yake mabonde membamba yameingia kama vidole, kila bonde na mialoni yake midogo iliyopindika na kijito chake. Aingiaye bonde moja kutoka barabarani hutoka katika upepo akaingia katika kimya kwa mizunguko michache ya gurudumu.

Juu ya kimya hiki yafaa kukaa kidogo, maana ndipo penye moyo wa kitabu. Kimya si ukosefu wa sauti. Abiria wa garimoshi hasikii kitu ila garimoshi. Mpanda farasi husikia kwato. Mtembeaji naye husikia viatu vyake mwenyewe, hatua baada ya hatua, na akitaka kusikiliza hana budi asimame. Baiskeli yenye tairi la kujazwa upepo, aliloliunda Dunlop mjini Belfast mwaka 1888, ilimpa binadamu kitu ambacho pengine hakuwa nacho kabla: alikwenda kwa upesi kuliko miguu, naye karibu hatoi sauti. Akipita chini ya miti, ndege hawamkimbii mpaka amewafikia. Husikia wimbo mmoja ukianza mbele yake, ukakua, ukapita upande wa kulia, ukafifia nyuma, na kabla haujaisha mwingine umekwisha kuanza. Huko ni kusikia kwa mfululizo, kusiko na kusimama, na nathari ya Thomas inapokuwa bora ina mfululizo huo huo: sauti moja humpokelea nyingine mzigo kabla ya kuutua. Frost, aliyeamini kwamba ushairi hukaa katika mwendo wa sauti ya msemaji, alikuwa na sikio la kuutambua mara moja.

Ushahidi wa upande wa pili umo kitabuni vilevile. Katikati ya safari kuna sura nzima juu ya washairi watatu wa nchi ile: Stephen Duck, William Barnes na Thomas Hardy. Baiskeli imewekwa ukutani, na mwandishi amerudi maktabani. Sura hiyo ina elimu, tena maneno juu ya Hardy ni ya mtu ajuaye. Lakini sauti imekufa, na msomaji husikia karamu ya mwandishi wa kuajiriwa ikitimiza hesabu ya kurasa. Ni vivyo hivyo kwa maandishi ya makaburini. Thomas alipenda kuyanakili, na machache ya kwanza yanapendeza. Kisha yanazidi, mpaka msomaji akatamani kila uwanja wa kanisa uwe umefungwa. Si jambo la kustaajabisha kwamba kuandika kaburi huhitaji mtu ashuke chini na kusimama. Kitabu hudhoofika kila gurudumu linaposimama kwa kazi ya kalamu, na hupata uhai wake barabara inapoanza tena.

Thomas mwenyewe aliujua udhaifu huu, na dalili ya kuujua kwake ni yule anayeitwa Mtu Mwingine. Siku ya kwanza, mvua ilipomfanya msafiri ajikinge karibu na duka la ndege, alimwona mtu huyo akinunua ndege mdogo, akamchukua katika mfuko wa karatasi, akamwacha aruke. Baadaye hukutana naye mara kwa mara njiani. Mtu Mwingine naye ana baiskeli. Hupenda kusema juu ya viko vya udongo na juu ya vile vibati vya juu ya minara vinavyoonyesha upepo. Naye huandika vitu katika daftari, na kazi hiyo yamchosha. Hakuna asiyetambua kwamba ni nafsi ya mwandishi iliyogawanywa mbili. Wengi wamemsoma kama jambo la ugonjwa wa roho, kwa kuwa Thomas aliteswa na huzuni maisha yake yote. Usomaji huo haukosi haki, ila unasahau ucheshi. Mtu Mwingine ni mwandishi wa kuagizwa, yule mwenye daftari, anayeachiwa mzigo wote wa udadisi na manung'uniko ili mwenziwe apate kwenda mikono mitupu na masikio wazi. Kila akitokea, safari hujaa maneno. Akiondoka, barabara hurudi kuwa tupu.

Ili kuipima kazi hii, yafaa iwekwe kando ya kitabu kingine cha baiskeli, milima na misitu, chenye sifa kubwa zaidi leo: riwaya ya Kiholanzi De Renner ya Tim Krabbé, iliyotolewa 1978. Inasimulia siku moja ya mashindano, tarehe 26 Juni 1977, katika milima ya Cévennes kusini mwa Ufaransa, kuanzia mji mdogo wa Meyrueis na kuuzunguka mlima Aigoual wenye urefu wa zaidi ya mita 1,500. Ni kitabu kikavu, chenye akili, kisicho na neno la ziada, na hakuna kilichosema vizuri kuliko hicho mateso ya mwendeshaji na hila za mbio. Lakini msimulizi wake haoni msitu. Aeleza bila ya haya kwamba kadiri mtu anavyojitahidi juu ya baiskeli ndivyo fahamu yake inavyopungua, hata ikabaki gurudumu la aliye mbele na hesabu ya meno ya giya. Mbavu za Aigoual zilikuwa zimekatwa miti mpaka mvua ikazichukua. Bwana misitu Georges Fabre alianza kuzipanda upya mwaka 1875, na kazi ile ilichukua maisha ya watu. Mashindano hupita katikati ya kazi hiyo. Krabbé hastahili lawama, maana upofu huo ndio somo lake. Lakini yadhihirika kwamba baiskeli peke yake haikumwandikia Thomas kitabu. Barabara zote mbili zilikuwa tulivu na zenye vilima na miti. Mmoja alikuwa na wapinzani kichwani, mwingine alikuwa na wiki moja na tumaini la kuchelewa.

Katika nathari ya Kiswahili, kimya cha njia kina historia nyingine, na msomaji wa Afrika ya Mashariki hapaswi kuitupa anapomsoma Mwingereza huyu. Masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten na kutolewa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli ni ya watu waliokwenda kwa kazi. Njia ya msafara huhesabiwa kwa makambi, kwa maji, kwa chakula na kwa hongo inayodaiwa na wenye nchi. Salim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 pamoja na bwana wake Mjerumani, aliyaona mengi ambayo Thomas hakupata kuyaona, naye ni shahidi hodari. Lakini hakupewa nafasi ya kwenda bila ya sababu. Kwa mpagazi, msitu ulionyamaza ulikuwa msitu wa kuogopwa. Hata baiskeli ilipoenea bara, ilikuwa mnyama wa mizigo: mkaa, maziwa, ndizi, mgonjwa. Yule anayeisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa katika vilima vya Usambara ayajua mwinuko na msitu kuliko Thomas, na bado hajaandikiwa kitabu kinachosikia anachokisikia. Upungufu huo si wa lugha. Kiswahili kina maneno ya upepo, ya mvua na ya mwendo kuliko yanayohitajika. Pengo liko katika dhana kwamba nathari ya safari sharti ilete faida inayohesabika, iwe habari, mafunzo au onyo. Thomas hakuleta yoyote katika hizo, na wachapishaji waliomlipa walikubali apoteze wiki moja.

Wiki yenyewe haiwezi kupotezwa tena kwa njia ile ile. Magari yalikuwapo mwaka 1913, lakini yalikuwa machache kiasi cha kutambuliwa moja moja. Leo barabara aliyoifuata kutoka Bridgwater kupitia Nether Stowey, kijiji alichokaa Coleridge tangu mwisho wa 1796, hata Kilve karibu na bahari, ni barabara kuu iitwayo A39, na atakayepanda baiskeli humo atasikia injini na si ndege. Vilima vyenyewe viliwekwa chini ya hifadhi ya sheria mwaka 1956, vya kwanza katika Uingereza kupata heshima ya namna hiyo, na vichochoro vya juu vingali vitulivu. Basi kitabu kimepata, pasipo mwandishi kukusudia, thamani ya ushahidi. Alikiandika akiamini kwamba barabara tupu ni jambo la kawaida, na hakuisifu kwa kuwa haikumpitia kwamba yaweza kwisha. Waandishi wa baadaye wanaosifu utulivu huusifu kama watu wanaolinda mali iliyobaki. Sauti zao hupanda. Ya Thomas haipandi.

Sura ya mwisho yaitwa Kaburi la Majira ya Baridi. Thomas amekwisha kuvivuka vilima, na karibu na Cothelstone akaona maua barabarani, ya samawati na ya manjano, yaliyochumwa na mtu fulani, kisha yakaangushwa na kuachwa. Yalikuwa yameanza kunyauka. Kwake hayo yalitosha kuwa maua ya kaburini. Wahakiki wameyasema mengi juu ya picha hii, na baada ya 1917 ni vigumu kuyasoma maua yaliyokatwa bila ya kuwakumbuka vijana wa miaka iliyofuata; lakini yeye hakujua, na haifai kumpa elimu ya baadaye. Lililo katika ukurasa ni dogo zaidi. Ishara aliyoifuata tangu London hakuikuta juu ya mti wala angani. Aliikuta chini, mbele ya gurudumu, mahali ambapo jicho la mwendesha baiskeli hukaa muda mwingi kuliko penginepo, likitazama mawe na mashimo. Mtu wa garimoshi hangeyaona, na wa motokaa angeyakanyaga. Kisha asema kwamba ana yakini aweza kurudi kwa baiskeli na kuyakuta majira ya machipuko njia nzima. Safari ya kurudi haikuandikwa.